Tahadhari kwa Wanaorudi Kutoka Pwani

Majirani wa Milimani hapa Nakuru, nanyi wa Section 58, Naka na Kiamunyi: kama mmerudi kutoka Mombasa, Diani au Malindi siku hizi mbili tatu, na mtu mmoja nyumbani ametapika au anaendesha, tafadhali someni haya kabla hamjaandaa chakula cha wageni. Mgonjwa asiingie jikoni. Asiende kanisani, asiende harusini, asipelekwe kwa nyanya Njoro wala Molo. Akae nyumbani mpaka zipite saa 48 kamili tangu alipotapika au kuhara mara ya mwisho, hata kama anajiona mzima. Hilo ndilo ombi langu kubwa.

Naomba kwa sababu sisi hatukufanya hivyo. Likizo moja ya Desemba tulikwenda Pwani jamaa nzima: watoto, shangazi yao na mama mkwe. Siku moja tukapanda mashua ya matembezi, tukala pamoja na familia nyingine, kila mtu akijipakulia kwa mwiko ule ule. Kesho yake jioni kitinda mimba wetu akaanza kutapika ghafla. Kabla ya alfajiri tulikuwa watu wanne tunaopokezana choo kimoja. Baada ya siku mbili tulipata nafuu, tukamshukuru Mungu, tukapanda basi la usiku kurudi Nakuru. Jumapili nikakata kachumbari ya wageni kumi na wawili. Jumatatu usiku simu zikaanza kulia. Mzee mmoja wa ukoo wetu alilazwa, akatundikiwa maji siku tatu. Mikono iliyokata vitunguu vile ni hii yangu.

Ugonjwa unaokuja hivi, kwa kishindo na kwa watu wengi pamoja, mara nyingi huletwa na virusi vya noro. Jina lao limetokana na mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani, ambako wanafunzi na walimu wa shule moja waliugua mwaka 1968. Chembe zisizofika mia zinatosha kumwangusha mtu, na tapishi moja lina mamilioni yake. Dalili huanza baada ya saa 12 hadi 48, na wengi hupona ndani ya siku moja hadi tatu. Hapo ndipo tunapodanganyika. Tumbo likishatulia, virusi bado vinatoka kwenye choo cha mtu aliyepona, kwa wingi zaidi siku za mwanzo, na vinaweza kuendelea kutoka kwa wiki mbili au zaidi.

Ng'ambo ugonjwa huu umezoeleka kuitwa wa meli za watalii, kama zile zinazotia nanga Mombasa. Sifa hiyo imetokana na kuhesabiwa. Huko Marekani, asilimia 3 ya abiria au ya mabaharia wakiugua, mlipuko wa meli hiyo hutangazwa hadharani. Lakini katika milipuko yote ya noro inayoripotiwa nchini humo, ya melini ni kama asilimia 1 tu. Mingine hutokea kwenye makao ya wazee, shuleni, mikahawani na hospitalini. Melini watu wengi hula meza moja na kushika vyuma vilevile. Basi la usiku ni hivyo hivyo, na hoteli ya likizo, na sherehe zetu.

Nchi yetu imewahi kuona jinsi sherehe moja inavyosambaza maradhi ya tumbo. Oktoba 2022 mlipuko wa kipindupindu ulifuatiliwa mpaka kwenye harusi moja katika kaunti ya Kiambu. Wagonjwa wa kwanza walipatikana Kiambu, Nairobi, na hapa kwetu Nakuru, pamoja na Uasin Gishu, Kajiado na Murang'a. Kabla ya kudhibitiwa, mlipuko huo ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 10,000 na vifo vipatavyo 200. Kipindupindu huletwa na bakteria, nao noro ni virusi, lakini njia wanayopita ni ile ile: choo, mkono, chakula, mdomo.

Sasa sikilizeni kuhusu sanitaiza. Tangu Korona ya mwaka 2020 tumeizoea chupa ndogo ya mfukoni. Kirusi cha Korona kina ganda la mafuta ambalo alkoholi hulivunja. Noro hana ganda hilo, kwa hiyo sanitaiza haimwezi sawasawa. Kinachofaa ni sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde 20 kila baada ya choo na kabla ya kugusa chakula. Najua siku za mgao mifereji yetu hukauka. Basi wekeni kibuyu chirizi au ndoo yenye mfereji, au mtu mmoja amwagie wengine kwa jagi. Lile beseni moja ambalo wageni wote hutumbukiza mikono kabla ya ugali, liondoeni kabisa msimu huu. Na kachumbari, matunda na kila kisichopikwa kikatwe na mtu ambaye hajaugua. Limau na pilipili haziui kirusi hiki.

Mgonjwa akitapika sakafuni, watoto waondoke hapo kwanza. Vaeni glavu, futeni kwa karatasi na kuitupa ndani ya mfuko uliofungwa. Kisha changanyeni sehemu moja ya Jik na sehemu tisa za maji, mpakaze sakafu, choo, vitasa vya milango na mifereji, mwache dakika kumi kabla ya kusuuza. Fungueni madirisha, na msichanganye Jik na dawa nyingine ya kusafishia. Shuka zilizochafuka msizikung'ute, zifueni kwa maji ya moto na sabuni. Mwambieni haya yote dada anayewasaidia kazi, mpeni na glavu, kwa maana yeye ndiye huachiwa kusafisha, na yeye pia ana watoto wake.

Kuhusu dawa, tuna mazoea mabaya. Tumbo likivuruga tu, tunasema ni ameba au taifodi, tunakwenda duka la dawa kununua Flagyl na antibiotiki. Dawa hizo haziui virusi. Kinachomuua mtoto au mzee ni kukaukiwa na maji, na tiba yake ni ORS. Kama pakiti haipo, chukueni lita moja ya maji safi, mtie vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visifurike. Mtoto akitapika, ngojeni dakika kumi, kisha mpeni tena kidogo kidogo kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto anayehara hupewa pia vidonge vya zinki kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Msimpe mtoto vidonge vya kufunga choo, wala soda badala ya ORS.

Noro hana chanjo, lakini ndugu yake wa utotoni, virusi vya rota, anayo. Kenya imekuwa ikiitoa kwa watoto wachanga tangu Julai 2014. Fungueni kijitabu cha kliniki mwone kama mtoto wenu alikamilisha.

Msingoje kuche mkiona haya: mtoto analia bila machozi, macho yametumbukia, hajakojoa kwa saa sita, amelegea au hawezi kunywa, au mtu yeyote ana damu kwenye choo, au choo ni kama maji ya mchele. Hicho cha mwisho huenda ni kipindupindu, na mtu anaweza kufa kwa saa chache. Mpelekeni hospitali mara moja, huku akinywa ORS njiani.

Najua kuahirisha karamu ni kuzito. Mbuzi amenunuliwa, wageni wa Nairobi wako njiani, na mtu anaona haya kutaja tumbo mbele ya wakwe. Nasi tuliona haya, tukanyamaza. Simu ya dakika mbili ingemwepusha mzee yule na kitanda cha hospitali. Kama kwenu kuna mgonjwa leo, pigeni simu hiyo sasa, kabla wageni hawajatoka makwao.