Subaru ya Turbo Barabara ya Didia: Nguvu Inanunuliwa Mwisho, Siyo Mwanzo

Kuna kijana mmoja, jina kapuni, duara lake kule Mwakitolyo lilipotema hakukimbilia kujenga. Alishuka Dar akarudi na Subaru Forester ya turbo, ya bluu, rimu rangi ya dhahabu. Hapo hakuna ubaya. Jasho lake, mkwanja wake. Balaa lilianza wiki ya pili, alipoipeleka kwa fundi mmoja wa mjini na kumwambia maneno matatu tu: "Fundi, ifungulie ipae."

Ikapaa kweli. Jumapili jioni watu wa Didia walikuwa wanaisikia tangu iko mbali upande wa Tinde. Watoto wanakimbilia lami kuishangaa, mama zao wanawakimbilia watoto. Mpaka siku baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa ilipokatiza barabara. Jamaa akakanyaga breki, gari likaendelea na safari. Mzee wa baiskeli aliishia mtaroni na mkono umevunjika, na kila mtu akasema ana bahati. Wiki tatu baadaye injini nayo ikagonga, ikakata moto, ikavutwa kwa kamba mpaka Shinyanga mjini.

Sasa mtaa umegawanyika. Wengine wanasema Subaru ni ugonjwa, ukinunua umejitakia. Wengine wanasema dogo hajui kuendesha. Wote wamekosea. Injini ile ni nzuri na nguvu za kuongeza inazo. Kilichokosewa ni mpangilio wa kutumia pesa.

Tuanze na injini yenyewe. EJ20 ilianza na Legacy mwaka 1989. Ina pistoni nne, zimelala mbili huku na mbili huku, na ukubwa wake ni sisi 1994. Ndiyo familia ya injini iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally Kenya mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, kwenye vumbi na mawe ya Afrika Mashariki. Japani waliendelea kuitumia kwenye WRX STI hadi toleo la mwisho la magari 555, mwanzoni mwa muongo huu. Injini mbovu haiishi miaka 30.

Na huku juu turbo ina faida yake ya kweli. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake. Turbo inaisukuma hewa ndani kwa lazima. Ndiyo maana mtu akishuka kwenye gari la kawaida akaingia kwenye Forester ya turbo anajiona amepanda ndege.

Kuongeza nguvu pia si uchawi. Hewa zaidi, petroli zaidi, moto mkubwa zaidi. Ukipandisha presha ya turbo kidogo tu, mguu unasikia tofauti palepale, na kifaa cha kufanyia hivyo ni cha bei ndogo. Hapo ndipo mtego ulipo. Kiwandani waliweka ulinzi: presha ikizidi, kompyuta ya gari inakata petroli. Fundi asiye na vipimo anaidanganya sensa, ulinzi unakufa, hewa inaongezeka huku petroli haijaongezeka. Joto linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, pistoni inapasuka. Magari ya STI ya Japani yalipangiwa petroli bora ya kule, okteni 98 hadi 100. Pampu nyingi za huku haziuzi kitu hicho, na ile ya kwenye chupa kando ya barabara ndiyo usiseme.

Halafu kuna hadithi ya mlio. Vijana wanakata ekzosi wakiamini kelele ni nguvu. Ule mngurumo wa Subaru unatokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu kutoka pande mbili za injini. Subaru wenyewe walipoyasawazisha kwenye Legacy ya turbo ya Japani mwaka 2003, mngurumo ulipotea na injini ikapumua vizuri zaidi. Kwa hiyo anayekata ekzosi ili asikike Didia nzima ananunua kelele.

Mpangilio sahihi ni huu. Kwanza pima mgandamizo wa silinda zote nne, ujue umenunua injini au kopo. Pili oili: turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya oili tu. Ikipungua au ikichakaa, turbo inakufa na beringi za konrodi zinafuata. Tatu rejeta na mabomba ya maji. Nne breki na tairi. Baada ya hapo ndipo umtafute fundi mwenye kompyuta na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, akuongezee kiasi ambacho petroli yako inakubali. Nguvu ni namba tano.

Namba nne ndiyo iliyomvunja mzee mkono. Mwendo ukitoka 50 kwenda 100, gari halihitaji umbali mara mbili ili lisimame baada ya breki kushika, linahitaji mara nne. Na ile si barabara ya mashindano. Ina baiskeli, mikokoteni ya ng'ombe, wanafunzi. Ndiyo maana penye makazi kibao kinasema 50.

Watasema ni wivu, maskini hawapendi kuona kijana wa machimbo anakula maisha. Hapana. Kijana huyohuyo hashuki duarani bila kukagua matimba na kamba, kwa sababu anajua kule chini ujanja hausaidii. Akili hiyo anaiacha wapi akishika usukani?

Inasemekana mama yake alipoliona gari baada ya ajali aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hili gari lako linajua kwenda tu, kusimama halijui?" Jamaa akakosa jibu.

Injini nyingine ya mtumba imeshashushwa gereji wiki hii. Pedi za breki bado ni zilezile.