Fulford Nayo Inastahili Uzi

Watu wengi wanaujua mwaka 1066 kupitia kitambaa cha Bayeux, kitani chenye urefu wa karibu mita 70 kilichotariziwa kwa nyuzi za sufu. Kinaonyesha Harold akitawazwa kuwa mfalme wa Uingereza, nyota yenye mkia angani, kisha merikebu za William wa Normandy. Kuhusu Fulford, kusini mwa York, kimenyamaza kabisa. Hapo, tarehe 20 Septemba, Harald Hardrada, mfalme wa Norway, aliwashinda ndugu wawili walioongoza jeshi la Waingereza, Edwin na Morcar. Siku tano baadaye Harold, aliyekuja mbio kutoka kusini, alimshinda Hardrada, aliyeuawa pale Stamford Bridge. Vita hivyo navyo havimo kitambaani. Siku tatu tu zikapita, William akashuka pwani. Bila Fulford, msomaji haelewi kwa nini Harold aliingia vita vya Hastings, alikoshindwa na William, akiwa na jeshi lililochoka.

Ndiyo maana nawaunga mkono watu wa York na vitongoji vyake walioitarizi Fulford kwa mtindo uleule wa Bayeux. Wapo wanaosema huko ni kughushi mambo ya kale, kwani aliyeshika sindano leo hakuviona vita. Hoja hiyo ina uzito, lakini Bayeux nayo haikuwa shahidi asiye na upande. Wanahistoria wengi wanaamini iliagizwa na Askofu Odo, ndugu wa William kwa mama, na Odo mwenyewe ametariziwa humo akiwa juu ya farasi. Mshindi alichagua kipi kionekane. Kazi mpya haidai kuwa ya kale. Inajaza alichokiruka mshindi.

Wengine wanahofia kwamba sindano huviremba vita. Mimi nawaomba waangalie pindo la chini la Bayeux mahali pa Hastings: maiti wanavuliwa deraya kwa kupitishiwa kichwani, wanabaki uchi. Miili yao haikujazwa rangi. Ni mstari wa uzi tu, ndani yake kitani kitupu. Mtarizi hawezi kumpita maiti haraka, lazima amzungukie mshono kwa mshono. Kumbukumbu za Waingereza wa wakati ule zinasema kwamba pale Fulford wengi wao waliuawa, na wengine wakazama majini. Majina yao hayakuandikwa, na kwa karibu miaka 1,000 hakuna aliyewapa hata hilo pindo la chini.