Chomboni Kila Mtu Ana Zamu



Sisi wa Masisi na Walikale hatuioni bahari. Tunao mto Lowa, ambao maji yake huteremka kutoka milima yetu hadi Lualaba na mwishowe kufika Atlantiki. Hata hivyo twaona vema tutafakari maisha ya wale wavukao bahari kwa chombo cha tanga, kwa kuwa hali yao yafanana na ya nyumba zetu nyingi leo: watu wengi, nafasi finyu, maji ya kupimwa, na safari ambayo hakuna ajuaye itakwisha lini.

Mnamo Desemba 1938, karibu na Aden, baharia Mwaustralia Alan Villiers alipanda jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Halikuwa na injini. Lilisukumwa na upepo wa kaskazi hadi Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji, ambako lilipakia boriti za mikoko kabla ya kurudi Kuwait. Katika sehemu ya safari hiyo abiria zaidi ya 100 walibanana sitahani, bega kwa bega. Mabaharia walikula wakizunguka sinia moja. Foromali ilikuwa nzito mno kwa mtu mmoja, basi waliipandisha pamoja, wakiimba ili mikono yote ivute kwa wakati mmoja.

Wengi hudhani kwamba chombo huokolewa na ushujaa wakati wa dhoruba. Sisi hatuoni hivyo. Dhoruba huja mara chache, bali maji ya ngama huingia kila siku, kwa kuwa mbao huvuja. Anayekwepa zamu ya kufua maji hulala vizuri leo, na kesho maji yamepanda kwa wote. Anayesinzia kwenye usukani huwahatarisha wenzake waliolala wakimtegemea. Anayekunywa kwa siri kupita kipimo chake humwibia jirani ambaye hana mahali pengine pa kwenda.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, chombo cha Mtume Paulo kilibeba watu 276. Dhoruba ilipozidi, mabaharia walishusha mashua kwa kisingizio cha kutupa nanga, kumbe walitaka kutoroka. Paulo aliwaonya askari kwamba, pasipo hao kubaki, wengine hawataokoka. Hatari kubwa ilikuwa kwamba wenye ujuzi wangewaacha wasio nao.

Sasa tutazame kwetu. Familia zilizokimbia vita zimepokewa na familia nyingine, na mara nyingi chumba kimoja hulaza watu kumi. Je, ni nani anayeamka alfajiri kubeba bidoni? Ni nani anayesafisha choo? Mara nyingi ni wasichana, na pamoja nao yule mgeni anayeogopa kufukuzwa. Wavulana wengi husubiri kazi kubwa zaidi, ya kulinda au ya kupigana, na wapo watu wazima wanaowaambia kwamba uanaume uko katika bunduki. Twasema wazi: huo ni udanganyifu. Kijana asiyeweza kushika zamu ya maji nyumbani hataweza kulinda kijiji. Bunduki itamfundisha kuchukua kwa nguvu kile ambacho zamu ingemfundisha kugawana.

Tusiseme kwamba mambo haya ni madogo mno mbele ya vita. Hatuwezi kuamuru amani ije kesho, kama vile baharia asivyoweza kuamuru upepo. Lakini anayengoja upepo hushona tanga, hufua maji, hupima chakula, ili upepo ukija akute chombo kingali kinaelea.

Basi, katika mkutano ujao wa shirika, tuandike orodha ya zamu: kuteka maji, kufagia, kuwatembelea wagonjwa, kuwafundisha watoto waliokosa shule. Majina ya wavulana yawemo sawa na ya wasichana, ya wenyeji sawa na ya wageni, na ya viongozi wetu yatangulie.