Baloji: mwimbaji aliyepeleka jina la hoteli ya Kolwezi mpaka Bulaya

Mwaka 2007 ilitoka Ubelgiji albamu yenye jina Hotel Impala. Wapenda muziki wa kule pengine walifikiri ni jina la kubuni. Hapana. Impala ni hoteli ambayo baba ya mwimbaji alikuwa nayo hapa Kolwezi. Mwimbaji mwenyewe ni Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyepelekwa Bulaya angali mtoto mdogo na kukulia huko.

Kwa nini tumzungumzie leo? Juu ya maisha yake yanagusa swali linaloumiza vichwa hapa Lualaba, na ndugu zetu wa Kivu, Ituri na Tanganyika wanalijua vilevile: nani ni mtu wa hapa, na nani ni mgeni?

Aliondoka bila kuulizwa

Baloji alizaliwa tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 1978. Ilikuwa miezi minne kiisha vita ya Kolwezi, ile ya mwezi wa tano, wakati waasi wa FNLC walishika mji na askari wa Ufaransa wakashuka kwa parashuti. Mwaka 1981 baba yake akamchukua kwenda Ubelgiji. Mama akabaki Katanga. Mtoto wa miaka mitatu hachagui. Anaamka tu siku moja na kujikuta penye baridi, kati ya watu wasiojua lugha ya mama yake.

Alikulia Liège, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma, ambao nao ulijaa wahamiaji walioitwa kuja kufanya kazi. Akiwa kijana aliingia katika kundi la rap linaloitwa Starflam. Albamu yao Survivant ya mwaka 2001 iliuzwa sana Ubelgiji. Mwaka 2004 akaachana na kundi, na amesema alikuwa karibu kuacha muziki kabisa. Kilichomrudisha ni barua.

Barua hiyo ilitoka kwa mama yake, ambaye walikuwa hawana habari kati yao tangu 1981. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka ishirini. Hotel Impala njo jibu lake. Ni albamu nzima ya kumwelezea mama namna mtoto wake aliishi tangu siku ile.

Kurudi si kazi nyepesi

Kiisha akafunga safari ya Kongo kumtafuta mama. Amesimulia hadharani kwamba kukutana kwao hakukuwa kwepesi. Hatushangai. Jamaa nyingi zenye mtu Bulaya zinajua mambo haya. Mwenye kurudi anafikiri analeta moyo wake. Waliobaki wamehesabu miaka ya shida, karo za watoto, matanga yaliyopita bila yeye, na wanamuuliza: «Sasa, umetuletea nini?» Si kwamba hawana upendo. Ni kwamba kila upande umeishi na deni lake, na hakuna aliyewahi kulisema kwa mdomo.

Baloji hakukimbia. Alirekodi Kinshasa pamoja na wanamuziki wa nchi, kama Konono N°1, na kutoka hapo ikazaliwa albamu Kinshasa Succursale. Ndani yake aliuchukua upya wimbo Indépendance Cha Cha wa Grand Kallé wa mwaka 1960, akautia jina la Kiswahili chetu: Siku ya Baadaye. Yaani, uhuru tuliuimba. Je, kesho yake ilikuwaje? Mwaka 2015 akatoa kazi nyingine, 64 Bits and Malachite. Malakiti ni lile jiwe la kijani lenye shaba ambalo kila mchimbaji wa hapa analifahamu. Mwaka 2018 ikafuata 137 Avenue Kaniama, jina la anwani ya Lubumbashi. Ukiyapanga majina haya unaona ramani: Kolwezi, Kinshasa, shaba, Lubumbashi. Mtu aliyekulia Ubelgiji ameendelea kuandika anwani za kwao.

Jina linalochoma

Hata jina lake lina mzigo. Kwa Tshiluba, Baloji linasikika leo kama «wachawi». Yeye anaeleza kwamba zamani neno hilo lilihusu watu wenye elimu ya dawa, kiisha wakati wa ukoloni na dini zake likageuka kuwa la kuogopesha. Fikiria kubeba jina hilo kila unaporudi nyumbani.

Kutoka hapo alipata filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, iliyopigwa picha Lubumbashi na Kinshasa, na ambamo Kiswahili kinasikika. Mwaka 2023 ilipata zawadi ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard kule Cannes, na Ubelgiji ikaituma kuiwakilisha kwa ajili ya Oscar. Inaonyesha kijana Koffi anayerudi kutoka Bulaya na mchumba wake mzungu kuleta mahari. Jamaa inamkataa, juu ya alama aliyozaliwa nayo mwilini wanaiona ya shetani. Kule alikotoka ni mgeni. Nyumbani anaitwa zabolo.

Na sisi wa Kolwezi?

Hapa njo habari ya Baloji inatugeukia sisi. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya mgodi. Union Minière ilitafuta wafanyakazi mbali: Kasaï, Ruanda-Urundi, Rhodesia. Reli ya BCK, iliyofika Ilebo mwaka 1928, ilifungua njia kati ya Kasaï na Katanga. Watu hawakuvamia. Waliitwa kazini, wakazaa, wakazika wazee wao hapa.

Kazi ilipokuwa nyingi, hakuna aliyeuliza sana asili ya mwenzake. Lakini mwaka 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450.000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka mpaka chini ya tani 50.000 mwaka 1993. Mishahara ikakatika. Hapo wanasiasa wakapata wa kusingizia. Kati ya 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Walisongamana kwenye gare wakingoja treni, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Wengi wao walikuwa wazaliwa wa hapa. Kasaï walikuwa hawajaiona hata siku moja.

Leo kobalti na shaba zimeujaza mji tena. Vijana wanafika kutoka Kasaï, Haut-Lomami na Kivu. Bei ya nyumba inapanda, nafasi za kuchimba zinapungua, na maneno ya zamani yanaanza kusikika sokoni na kwenye taxi-moto: «Ule si mutu wa hapa.» Malalamiko ya wenyeji kuhusu kazi na ardhi yana ukweli, na wakubwa wa serikali na wa makampuni wanapaswa kuyajibu. Lakini miaka ya 1992 na 1993 inatufundisha: kumfukuza jirani hakukuirudishia Gécamines hata tani moja.

Baloji hakuchagua kuondoka Katanga, na mtoto anayezaliwa leo Manika ao Dilala hachagui kabila la baba yake. Mmoja anaulizwa kule Bulaya: «Unatoka wapi kweli?» Mwingine anaulizwa swali lilelile hapa, kwa Kiswahili, na mtu aliyesoma naye darasa moja. Tunakasirika tukisikia mtoto wetu ameulizwa hivyo Brussels. Basi tujiulize na sisi kama tuna haki ya kukasirika, wakati tunamuuliza jirani yetu maneno yaleyale.

Hotel Impala ilikuwa nyumba ya wapita njia. Mji wenyewe nao ulianza vile. Tofauti ni kwamba mji hauwezi kuishi kama hoteli, ambapo mwenye kukosa feza anawekewa mizigo yake inje. Wewe unayesoma, jamaa yako ilifika hapa mwaka gani, na ni nani aliyeipokea? Kabla ya kumuuliza mwenzako anatoka wapi, jibu kwanza hilo.