Kibodi Imfuate Mkono

Ndugu zangu wa Kisesa, pamoja nanyi mnaokuja kwetu kutoka Kanyama, Kitumba, Isangijo na Ihayabuyaga kufuata huduma za steshenari, nina ombi. Halihitaji mchango wa fedha wala mfadhili, ila lina uzito kwa mtu ambaye hadi leo anaamini kompyuta ni kitu cha wengine. Naomba kila mahali penye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, iwe steshenari, maabara ya shule au ofisi ya umma, kibodi na kipanya vipangwe vimfae anayevitumia. Kazi hiyo inafanyika kwa dakika chache, kwa vifaa vilevile vilivyopo mezani.

Mambo mazito ya maisha yetu siku hizi yanapita kwenye meza hizo. Dirisha la mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, vijana wanajaa. Ajira Portal ikitangaza nafasi, wanajaa tena. Sasa mtazame kijana aliyemaliza kidato cha sita, amekaa kwenye kiti cha plastiki na foleni iko nyuma yake. Anaandika anwani yake ya barua pepe. Anabonyeza Shift na 2, kama kitufe chenyewe kilivyochorwa, lakini badala ya @ inatokea alama ya kufungulia usemi. Anafuta, anarudia, inatokea ileile. Dada wa steshenari, ambaye ana wateja wengine wanaosubiri kopi, anamwambia, "Nipishe nikuandikie." Kijana anasimama. Anaondoka akiwa na hakika kwamba kompyuta imemshinda.

Haikumshinda. Kibodi iliyo mezani ni ya mpangilio wa Marekani, lakini Windows imeambiwa kwamba kibodi ni ya Uingereza, na kwa Waingereza @ inakaa pembeni karibu na Enter. Kompyuta zetu nyingi zimefika zikiwa zimeshatumika nchi za nje, nazo huja na tabia za kule zilikotoka. Ikitoka Ufaransa, utakuta A imekaa mahali pa Q. Ikitoka Ujerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi. Na hata mashine iliyopangwa vizuri inaweza kugeuzwa na mteja aliyegusa kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi bila kujua, maana hivyo viwili ndivyo vinavyohamisha mpangilio kama kuna zaidi ya mmoja. Dawa ni kufungua mipangilio ya lugha, kuacha mpangilio mmoja unaolingana na herufi zilizochorwa kwenye vitufe, na kuondoa ile mingine. Dada zangu na wadogo zangu mnaokaa nyuma ya meza hizo, naomba muanze na hili, kwa sababu ndilo linaloaibisha watu wengi zaidi.

Nasisitiza hili la aibu kwa kuwa wengi wetu tunaiona kibodi kama kitu kilichoshushwa hivyo kilivyo. Mpangilio huu wa herufi ulianza na Mmarekani Christopher Sholes na wenzake, na taipureta yao ikaanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Kiswahili hakikuwamo katika hesabu zao. Herufi a, ambayo ndiyo tunayoiandika kuliko zote, imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kabisa. Q na X, ambazo Kiswahili hakizitumii, zimepewa vyumba vyao kamili. Hata aliyebuni kipanya, Douglas Engelbart, alipokionyesha hadharani San Francisco mwaka 1968, mkono wake wa kushoto ulikuwa na kifaa chake cha vitufe vitano cha kuandikia. Tangu mwanzo watu wa kazi hii walijua kwamba mikono inatofautiana na kazi zinatofautiana. Sisi wenyewe tunalijua jambo hili kwenye jembe: mpini hukatwa kwa kimo cha mlimaji, na hakuna anayemwambia mtu mfupi arefuke kwanza ndipo alime.

Huku Usukumani kuna kitufe kimoja kinachostahili ulinzi wa pekee, nacho ni cha ritifaa. Bila hicho huwezi kuandika ng'ombe, huwezi kumwandikia mzazi ng'wangaluka, na huwezi kuandika sawasawa majina ya koo zetu nyingi. Jina likiwa Ng'wandu kwenye cheti cha shule, Ngwandu kwenye cheti cha kuzaliwa na Mwandu kwenye kitambulisho cha taifa, mwenye jina ataishia kwa wakili kula kiapo cha majina na kulipia gharama. Chanzo chake mara nyingine ni kitufe kilichokwama, na mchapaji aliyeamua kuendelea bila hicho. Naombeni, kitufe hicho kikifa, msiendelee bila hicho. Programu ya bure ya Microsoft iitwayo PowerToys ina sehemu ya kusimamia kibodi, ambapo unakiambia kitufe chochote kifanye kazi ya kingine. Kile cha juu kushoto, chini ya Esc, karibu hakitumiki kabisa katika uchapaji wetu. Kipeni kazi ya ritifaa, bandikeni karatasi ndogo juu yake, na mteja anayefuata ataandika jina lake kamili. Mwelekezeni pia aandike jina moja kwa moja ndani ya fomu, kwa sababu akilinakili kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, ritifaa huja imepindwa, na zipo fomu zinazoikataa ikiwa hivyo.

Kwa wenzangu wanaoandika Kisukuma chenyewe, iwe nyimbo, masimulizi ya wazee au mahubiri, lipo zaidi. Kisukuma kina irabu saba, na kibodi hii ina tano. Programu iitwayo Keyman, ambayo nayo ni ya bure, inaruhusu kuandika irabu zinazopungua bila kuhangaika kuzisaka kwenye orodha ya alama. Pale Bujora, kilomita chache kutoka hapa tulipo, Padri David Clement na wenzake walianza kukusanya urithi wa Wasukuma tangu miaka ya 1950. Anayeendeleza kazi ya namna hiyo leo kwa kompyuta asilazimike kuibana lugha yake kwa sababu ya vitufe.

Sasa niseme juu ya mkono wa kushoto, na hapa naomba wazazi na walimu wanisikilize. Watoto wetu wa kushoto wamekua wakikatazwa: usile kwa mkono huo, usimpe mkubwa kitu kwa mkono huo. Adabu ya kutoa na kupokea tuiache mahali pake. Lakini kipanya si salamu. Mtoto wa kushoto akipewa kipanya upande wa kulia atakitumia polepole, mwalimu atamwona mzito, na yeye mwenyewe ataamini hivyo. Kukihamishia kushoto kwa kibodi ni nusu tu ya msaada, maana huko kidole chake cha shahada kinaangukia kitufe cha kulia. Ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya kipanya, mchague kitufe cha kulia kuwa kikuu. Ni chaguo moja tu. Vipanya vingi vya bei nafuu havikupinda upande wowote, kwa hiyo vinafaa mkono wowote. Mafundi wanajua faida nyingine ya chaguo hili: kitufe cha kushoto ndicho kinachochakaa kwanza kwa kubonyezwa kutwa nzima, hivyo kikianza kugoma unaweza kukihamishia kazi kitufe cha kulia, na steshenari ikaendelea na kazi mpaka kipanya kipya kipatikane.

Kuna watu ambao kwao haya si suala la wepesi wa kazi tu, bali la kufanya au kutofanya kabisa. Wapo vijana waliobaki na mkono mmoja baada ya ajali za pikipiki kwenye barabara hii ya Musoma. Wapo wazee ambao kiharusi kimewapunguzia nguvu za upande mmoja, na wengine ambao mikono yao inatetemeka. Mtu wa mkono mmoja atabonyezaje Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja? Windows inamjibu: akibonyeza Shift mara tano mfululizo, mashine itauliza kama iwashe utaratibu wa kubonyeza kitufe kimoja baada ya kingine, na itavihesabu kama vilibonyezwa pamoja. Najua wenye steshenari wengi wameuzima ujumbe huo kwa sababu watoto wanaocheza gemu wanauita bila kukusudia. Nawasihi muurudishe, angalau kwenye mashine moja.

Kwa mikono inayotetemeka upo utaratibu mwingine, unaopuuza mguso mfupi na mguso unaojirudia, ili mzee aliyetaka herufi moja asipate tano. Huu nao una njia ya mkato, kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane. Mafundi, tafadhali likumbukeni hilo kabla ya kumwambia mtu kibodi yake imekufa. Mara nyingine mtu ameegemea kitufe hicho, utaratibu ukawaka, na kila herufi aliyoigusa haraka ikapuuzwa.

Ambaye hawezi kushika kipanya kabisa anaweza kukiendesha kishale kwa zile namba za upande wa kulia wa kibodi. Bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, kisha 8 inakipandisha kishale, 2 inakishusha, 4 na 6 zinakipeleka pembeni, na 5 inabofya. Laptopu nyingi ndogo hazina namba hizo pembeni. Kompyuta ya mezani, ambayo wengi wanaiona imepitwa na wakati, kwa kawaida inazo. Kwa anayechapa kwa mkono mmoja kila siku, Windows imebeba mipangilio miwili ya herufi iliyotokana na kazi ya August Dvorak, aliyepata hataza ya kibodi yake mwaka 1936: mmoja wa mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Kuujifunza kunachukua muda. Ila kijana anayetafuta riziki ya kuchapa anastahili kuambiwa kwamba upo.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba ule inataja waziwazi teknolojia ya habari na mawasiliano. Hata hivyo siandiki hapa kumtisha mtu kwa sheria. Mwenye steshenari ya Kisesa hakuwahi kuonyeshwa mipangilio hii na mtu yeyote, na mwalimu wa kompyuta mwenye mashine chache na wanafunzi wengi ana haki ya kuchoka. Nataka tu ijulikane kwamba anayeomba kubadilishiwa kitufe anaomba kilicho chake.

Nasikia swali tayari: ukimpangia huyu, anayefuata si atachanganyikiwa? Ni swali la haki, na jibu lake ni akaunti. Windows huruhusu akaunti kadhaa kwenye mashine moja, na kila moja inakumbuka yenyewe kitufe kikuu cha kipanya, utaratibu wa Shift na mpangilio wa herufi. Fungua akaunti ya kawaida, kisha fungua moja ya mkono wa kushoto na moja ya mkono mmoja. Mteja akija, unabadilisha akaunti, akiondoka, unairudisha. Hakuna kinachovurugika. Mtahadhari na jambo moja tu: vitufe vilivyohamishwa kwa PowerToys havifanyi kazi kwenye ukurasa wa kuingizia nywila. Kama herufi iliyokufa imo ndani ya nywila, badilisheni nywila kwanza. Au tumieni programu iitwayo SharpKeys, ambayo huandika mabadiliko ndani kabisa ya mfumo na kuyafanya yaanze kazi tangu mashine inapowaka, ila yatawahusu watumiaji wote wa mashine hiyo.

Kwa walimu wa kompyuta, ombi langu ni kipindi kimoja. Kabla ya kufundisha kuchapa, waulizeni wanafunzi ni nani anayeandika kwa kushoto, nani haoni kishale vizuri, nani ana kidole kisichokunjuka. Kishale kinaweza kukuzwa na kubadilishwa rangi, na kwa mwanafunzi mwenye ualbino ambaye macho yake hayavuti mbali, hilo pekee linaweza kumwezesha kufuata somo. Waacheni wanafunzi wapange mashine wao wenyewe. Mtoto aliyekwisha kubadilisha kazi ya kitufe kwa mkono wake hataiogopa tena kompyuta.

Nanyi mnaohudumiwa, semeni. Ukifika steshenari, mwambie dada au kaka aliyepo, "Mimi natumia kushoto, nigeuzie kipanya," kama unavyosema unataka kopi mbili. Kama una mzazi ambaye mkono wake haumtii vizuri, msindikize siku moja, kaa naye, mjaribu utaratibu wa Shift pamoja, umwache aandike jina lake mwenyewe.

Kwa kuanzia, naomba kila steshenari iliyo kando ya barabara, kuanzia njia panda ya Usagara hadi sokoni, itenge mashine moja wiki hii. Rekebisheni @, hakikisheni ritifaa inafanya kazi, fungueni akaunti ya mkono wa kushoto, na bandikeni karatasi mlangoni kwa Kiswahili na Kisukuma inayosema kwamba hapa kibodi na kipanya vinapangwa kwa anayehitaji, bila malipo ya ziada. Mwenye steshenari asiyejua pa kuanzia amwombe jirani aliyekwisha kufanya, na jirani asimtoze.