Ganda la risasi si chuma chakavu



Juzi nilikuwa internet cafe moja pale Darajani nasoma khabari zangu. Kompyuta ya pembeni kakaa kijana fundi, mikono bado ina grisi. Yeye siasa hana habari nayo. Anatazama video ya mzee wa Kimarekani, yumo karakana ya nyumbani kwake, ana kimashine kidogo cha kukereza juu ya meza, anapunguza maganda ya risasi moja baada ya jengine. Kijana akanigeukia: "Kaka, hii kazi mie naiweza nimefumba macho." Akanyamaza kidogo, halafu akatoa la moyoni. Kuna mtu wa shamba kamuahidi kumletea maganda, amkatie tu, mengine atayafanya mwenyewe. Pesa nzuri. "Sasa mimi nikikata shaba, kosa langu liko wapi?"

Nilimwambia nitamjibu kesho yake. Nikaenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaweka hapa manake naamini hayuko peke yake.

Kwanza kazi yenyewe. Risasi ina vitu vinne: ganda, baruti, kichwa, na kile kiwashio kilichoko kitakoni kinachogongwa na pini. Ikishapigwa, ganda linabaki. Wamarekani wengi hulitumia tena ili kuokoa pesa, wanatia kiwashio kipya, baruti na kichwa. Lakini shaba ile imekumbana na moto na mgandamizo mkubwa, inavutika, shingo inarefuka. Ganda lililozidi urefu linaibana risasi ndani ya mtutu, presha inapanda, na bunduki inaweza kumpasukia usoni mwenye kuishika. Ndio maana linapunguzwa. Na vipimo vyake havina mchezo: ganda la 7.62 kwa 51, lile la bunduki nyingi za NATO, mwisho wake ni milimita 51.18. Hiyo .18 si pambo. Fundi wa kupima kwa jicho hapa anaua mtu.

Kule Marekani mtu akijijazia risasi zake mwenyewe, sheria yao ya silaha ya mwaka 1968 haimtaki leseni. Akianza kuziuza, anaitaka. Yule mzee wa kwenye video havunji sheria yoyote. Ila video haikwambii kwamba sheria ile inaishia kwao.

Kwetu ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kutengeneza silaha au risasi bila ya leseni ni jinai. Na msijidanganye kuwa bahari inatukinga, Polisi ni jambo la Muungano. Halafu kuna Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha, ambayo Tanzania imo. Humo "risasi" si risasi nzima tu. Wametaja na vipande vyake, na cha mwanzo kutajwa ni ganda, pale ambapo nchi yenyewe imeviwekea kibali. Kwa hiyo yule kijana anaposema "nakata shaba tu", hakimu anaweza kuona kitu chengine kabisa: hatua moja ya kutengeneza risasi, na yeye ndiye mkono wa kwanza.

Mtasema serikali inaogopa vivuli. Mimi pia nina mashaka yangu na dola inayoona kila kijana ni mhalifu, na tuliokuwepo Januari 2001 tunajua risasi za nani zilipigwa, watu 31 wakafa kwa hesabu ya tume ya serikali yenyewe, ile ya Mbita. Lakini ndio hapo hapo ganda linapokuwa na thamani. Kitakoni mwake huwa na alama: kiwanda na mara nyingi mwaka. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey wa Geneva walichunguza risasi walizokuwa nazo wafugaji wa Turkana Kaskazini, Kenya, wakakuta karibu nusu zimetoka kiwanda cha serikali pale Eldoret. Wamejuaje? Wamesoma vitako vya maganda. Bila ya alama zile wangeambiwa zote zimetoka Sudan na Somalia, basi yakaisha.

Sasa ganda likijazwa tena linasema uongo. Alama ni ya kiwanda fulani, mwaka fulani, kumbe kalijaza mtu wa shamba wiki iliyopita. Atakayeumia na uongo huo si polisi peke yao. Ni na mimi na wewe siku tutakapotaka kujua nani kapiga.

Na msidhani mambo haya ni mageni pwani yetu. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens iliingia ghuba ya Manza, juu ya Tanga, ikikimbizwa na manowari ya Waingereza. Shehena ya risasi ikaingia maji ya chumvi. Jenerali Lettow-Vorbeck ameandika mwenyewe: ilibidi zifunguliwe, baruti isafishwe, viwashio vingine vibadilishwe, na askari na wapagazi wakashinda Moshi miezi wakifanya kazi hiyo asubuhi mpaka usiku. Matokeo? Zile zilizokataa kulia kiasi cha 20 katika kila 100 ndizo zilizohesabiwa nzuri, zikapelekwa vitani. Zilizozidi hapo zikabaki za mazoezi. Jeshi zima hilo, si mtu na kimashine chake uani.

Kuna wanaosema basi nitayachukua kama chuma chakavu, niyayeyushe. Hebu kumbukeni Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, maghala ya jeshi yalivyolipuka na vipande kutapakaa mitaani. Kwenye gunia la maganda ikiwemo moja nzima, ukaitia motoni, hapo hadithi imekwisha.

Lawama yangu kwa wakubwa iko pahala pengine. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza msamaha, wenye silaha haramu wasalimishe. Vizuri. Lakini ni lini mtu aliingia karakana za Mwanakwerekwe akawaeleza mafundi kwamba hata kutengeneza bunduki mbovu ya mtu kunataka leseni? Sijapata kumuona. Fundi anajua bei ya shaba, hajui kifungu cha sheria. Siku ya kukamatwa mwenye maganda keshakimbia, mashine ndiyo inayochukuliwa kuwa kielelezo, na mashine ile ndiyo inayosomesha wadogo zake.

Kesho yake nikamfuata. Nilimkuta anakereza misumari ya shaba ya mlango wa kizamani, oda ya hoteli moja Mji Mkongwe. Nikamueleza yote haya, akasikiliza bila ya kuzima mashine. Nikamuuliza, yule mtu wako vipi?

"Kaja asubuhi na mfuko wake," akasema. "Nimemwambia mashine mbovu."