Wavune mbele yetu

Ndugu mwandishi, wakulima wa Kisarawe wanaosita kung'oa mihogo yao si wabishi kama ulivyowachora. Michirizi kahawia ya mihogo ni ugonjwa wa hila: mti waweza kusimama vizuri, majani ya juu mabichi, kumbe chini mihogo imeoza. Mtafiti Storey aliueleza akiwa kituo cha utafiti cha Amani tangu 1936! Sasa bwana shamba akikwambia ung'oe shamba linaloonekana zima, utamwamini kwa lipi? Taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Kibaha, iko jirani tu, na mbegu zinazostahimili zipo. Watafiti wake waweke shamba darasa kila kata, mbegu ya taasisi kando ya mbegu ya mzee wa kijiji, kisha wavune mbele ya watu. Na mbegu yao isiposhinda, waseme hivyo hivyo. Semina za posho tumezichoka.